Siku ya Kuosha Mawe

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Wakati wa vita nilichimba kasiterite, mawe ya bati, huko Pangi, maji kifuani, bunduki ya mtu mgongoni. Shule niliachia darasa la nne, na leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma mtaani Mikelenge na depo mbili za saruji Kasuku. Nani alinisaidia? Hakuna.

Kule shimoni sheria ilikuwa moja: tunagawana siku ya kuosha mawe. Hata kama umechimba miezi miwili, ukikosekana siku hiyo huna fungu. Mwenzangu, tuliyelala naye chini ya turubai moja, malaria ilimwangusha asubuhi ya kuosha. Fungu lake nililichukua mimi. Fungu hilo njo lilinunua baiskeli yangu ya kwanza. Nikiwasimulia watu maisha yangu, ninaanzia kwenye baiskeli.

Binti yangu alipopata kazi ya kompyuta, kutafuta makosa ndani ya mchezo wa video wa kampuni moja ya Ulaya, nilimfungia paneli za jua sita juu ya paa afanyie nyumbani. Kazi yenyewe ni kupita mlango uleule wa mchezo mara mia mbili na kuandika unakwama wapi. Mwanzo masaa manane. Mchezo ulipokaribia kutoka, masaa kumi na tano, Jumapili ndani, miezi mitatu. Yeye alitaka kitu kimoja tu: jina lake kwenye orodha ya waliotengeneza, ile inayopita mwisho wa mchezo.

“Papa, bila jina lile, hakuna kampuni ingine itaamini nilifanya kazi.”

Siku moja alikuja macho mekundu, kiganja kimevimba.

“Papa, naweza kuomba wiki moja nipumzike?”

“Mama,” nikamwambia binti yangu, “kukaa kwenye kiti njo kunakuchokesha? Mimi nilibeba kilo hamsini kwa kichwa!”

“Mawe yako yalikuwa yanaishaka, Papa. Mlango wangu hauishi.”

Nilicheka, nikamrudisha kwenye kiti. Mtaa mzima nilikuwa nimeshauambia: mtaona jina letu Ulaya.

Aliangukia meza wiki mbili kabla mchezo haujatoka. Alilala hospitali siku tisa, serumu ikidondoka kwenye mshipa wa mkono. Kampuni ikaandika mistari miwili: mkataba umekwisha, asante.

Mchezo ulipotoka niliununua, nikaita majirani, nikaweka bia. Majina yakapanda kwenye kioo cha kompyuta dakika kumi na moja. Hata mbwa wa ofisi yao aliandikwa. Binti yangu hakuwemo.

“Mzee,” jirani mmoja akaniambia, chupa yangu mkononi mwake, “mbwa iko. Mutoto wako iko wapi?”

Wakacheka. Binti yangu hakulia. “Sikuwepo siku ya mwisho, Papa. Njo sheria yao.”

Sheria hiyo nimeila, nimeipanda kama baiskeli.

Usiku nikapiga hesabu. Mchezo, megabaiti za kuupakua na kreti mbili za bia: dola mia moja na kumi na nane, na faranka elfu moja mia tano.