Nta Kwenye Gari la Tunduru

Jumamosi iliyopita jirani yangu wa hapa Mjimwema alisimama kwenye uzio wake, kikombe cha chai mkononi, akanitazama weee, kisha akacheka. "Dada, hilo gari unalipaka mafuta kama mtoto mchanga! Si ulipeleke kwa vijana wa kuosha pale barabarani? Nusu saa tu wanakurudishia." Nikamwambia nimezoea. Akatikisa kichwa, akaingia ndani kwa watoto wake. Nikabaki na gari langu, kopo langu la nta, na ukimya wa nyumba ya mtu mmoja. Yeye sikujua nianzie wapi kumweleza. Wewe ngoja nikueleze.

Nililelewa mtaa wa Lizaboni, mji huu huu, na bibi, mama mzaa baba. Mama alifariki kabla sijajua kuongea. Baba alikuwa dereva wa ofisi, akiwapeleka mabwana shamba Tunduru, Namtumbo, Mbinga, kokote walikotumwa, na safari moja ilikula wiki mbili, wakati mwingine tatu. Nyumbani tulikuwa bibi na mimi, kuku, na redio iliyozimwa mapema ili betri zisiishe. Bibi alinipenda, sitamsingizia. Lakini alikuwa mtu wa shamba na wa jumuiya ya kanisani, na akirudi amechoka. Mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza magari. Likipunguza mwendo kwenye kona moyo ulinienda mbio, na likipita bila kusimama hata chakula sikukitaka.

Baba alikuwa akifika Ijumaa jioni, gari jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi. Jumamosi tunaliosha na kulipaka nta. Wengine huiita polishi, yeye aliiita nta. Likishang'aa tu, analipeleka mjini ofisini, anapitia kwa wenzake, na akirudi nimeshalala. Jumapili baada ya misa ya kwanza yuko njiani tena. Kwa hiyo baba yangu nilikuwa naye kwa muda ule wa nta tu, basi.

Na hakuwa msemaji, jamani. Angekula ugali na dagaa wa Nyasa bila kuinua uso. Shikamoo baba, marahaba mama, imekwisha. Aliniita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao. Ila nta ilimfungua mdomo, maana nta ina kusubiri ndani yake.

Alinifundisha hivi. Gari lipoe kwanza, likae kivulini, nyuma ya nyumba ambako jua la asubuhi halifiki. Nta kidogo kwenye sponji, kidogo kweli, uizungushe sehemu moja kabla hujahamia nyingine. Mimi nilichota kwa pupa. "Mama, unapaka au unakandika nyumba?" angeniuliza. "Ukizidisha sasa, utajuta kwenye kufuta." Kisha unaiacha mpaka iwe nyeupe kama unga. Unapitisha kidole: kikiacha njia safi, iko tayari, na ikivutika kama uji, bado. Ndipo unafuta na kanga kuukuu ya bibi, kipande kimoja cha kuondoa, kingine cha kung'arisha, bila kukandamiza.

Kazi ya kupima kwa kidole ilikuwa yangu. Miezi ya baridi, Juni na Julai, nta ilichelewa kukauka, tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa na sahani ya viazi vitamu katikati yetu, moshi wa jikoni kwa bibi ukitufuata. Hapo baba aliongea. Aliniambia kuhusu tembo waliowafungia njia kabla ya Tunduru, na mabwana shamba wote wakawa wapole ghafla. Akanieleza kuhusu mzee wa Kiislamu mwenye mikorosho ambaye kila alipomwona alimuuliza, "Binti hajambo?" na kumfungia korosho kwenye gazeti. Siku moja, bila kuulizwa, aliniambia mama alikuwa na kicheko kikubwa hata wao wawili wakatolewa nje ya mazoezi ya kwaya. Niliacha hata kutafuna kiazi, nisije nikamkatiza.

Nadhani umeshajua nilichofanya. Nta imekauka, kidole kinapita safi kabisa, mimi nasema, "Bado, baba."

Nilisema bado mpaka siku nta iliponiumbua. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, joto limeshika. Baba alikuwa anasimulia habari za mama, nami nikasema bado mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jua likazunguka nyumba, likaingia kwenye boneti. Aliposimama kuchukua kitambaa, nta ilikuwa imeganda. Nilifuta kwa nguvu zangu zote, ikabaki michirizi tu, machozi yakanitoka. Bibi akatokea jikoni na mwiko: "Huyu mtoto akili zake amezipeleka wapi?"

Baba akapitisha kidole, akanitazama. "Hukuona, mama?"

"Nilisahau, baba."

Hapo ndipo ningemwambia. Ningesema, nilitaka usiondoke. Maneno mawili! Nikaona aibu, sijui kwa nini, kana kwamba kumhitaji baba yako ni kosa.

Hakunipiga wala hakunifokea. Alichukua nta mbichi, akaipaka nyembamba juu ya ile iliyoganda, akafuta hapo hapo kabla haijakauka, na zote mbili zikatoka. "Nta ngumu hushindani nayo," alisema. "Unailainisha kwa nta." Tukaenda hivyo, eneo la kiganja kimoja baada ya jingine, mpaka milima ya Matogoro ikawa myeusi. Siku hiyo hakwenda mjini. Tulikula makande kwenye ngazi ya mlango, tumekaa bega kwa bega, na sijawahi kuharibu kitu nikafurahi vile.

Safari iliyofuata alirudi na kopo jipya la nta. "Hili ni lako mwenyewe," akasema, uso wote tabasamu. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Ukweli nta sikuipenda hata siku moja. Ilinuka kama mafuta ya taa, ilikaa chini ya kucha wiki nzima, na mkono uliniuma. Nilikwenda shule ya bweni, nikaanza kazi, nikanunua gari. Baba akipiga simu swali la kwanza lilikuwa, "Gari umelipaka nta, mama?" Ndiyo, baba. Basi vizuri. Na simu ikakatika.

Sasa bibi hayupo. Pale nyuma ya nyumba yake pamejengwa fremu za maduka, hakuna kivuli cha kuegesha hata baiskeli. Barabara ya Tunduru ni lami, magari yanakwenda meupe yanarudi meupe.

Na baba tulimzika mwaka juzi. Baada ya maziko mzee mmoja alinijia, kofia mkononi, dereva mwenzake wa zamani. Nilimwamkia, akaketi kando yangu.

"Sisi baba yako tulimcheka sana," alisema. "Gari linakwenda Tunduru, vumbi mpaka kwenye meno, yeye analipaka nta! Pale ofisini hakuna mwingine aliyefanya hivyo, wala hakuna aliyemwagiza. Nta yenyewe alinunua kwa pesa yake. Tukimuuliza, anatujibu: nina binti yangu nyumbani, anapenda kupaka nta kuliko kitu chochote duniani, nisipompelekea gari atanuna." Akanikazia macho. "Ndiye wewe?"

Watu walikuwa wanapita na sahani za wali. Mahali fulani nyuma yangu akina mama walikuwa wanaimba.

"Ndiye mimi, mzee," nikamjibu.

Akafurahi, akanipigapiga mkononi. Ningemwambia nini tena? Ukweli ule ulikuwa wa kumwambia baba, na baba tulikuwa tumemfukia saa moja kabla.