Shahidi wa Chuma Alivyogeuzwa Fuawe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nawaambia mapema: sikuandika ili mcheke. Nimeandika kwa sababu nimechukizwa.

Ijumaa iliyopita asubuhi jirani yangu, yule mjane wa ng'ambo ya shamba la chai, alikuja na sufuria tupu. Mbwa aliingia kwake akalamba maziwa yote. Aliingilia wapi? Chini ya mlango mpya wa chuma aliotengenezewa na mjukuu wangu. Mjukuu alikuwapo, akamjibu bila haya, "Mama, ni nyumba yako imepinda." Mjane hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Nikaenda kwenye karakana ya huyo kijana, hapo nyuma ya nyumba yangu, nione anapimia nini. Ndipo nilipomkuta shahidi.

Shahidi alizaliwa kwetu Nyansiongo nikiwa msichana. Tata, yaani baba yangu, alikuwa na mashine ya kukereza chuma aliyoinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama. Aliifunga mkanda kwenye injini ya kinu chetu cha kusaga mahindi, kwa hiyo chuma kilikerezwa siku zile tu ambazo akina mama hawakuleta mahindi. Unga na mafuta ya injini, hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Kutoka kwa shafti ya kinu kilichochakaa, tata alikereza gogo fupi, nene kama paja la mtoto, akalichimba kidogo chini ili lisimamie ukingo wake tu. Kazi ya gogo hilo ilikuwa kusimama wima kabisa juu ya bamba la chuma. Basi, hiyo tu. Tulimwita shahidi.

Mnajua skwea, kile kipimo cha pembe cha mafundi. Inaanguka, inagongwa, inalala. Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, mafundi wa mbao na wa mawe walileta skwea zao kwetu. Tata alisogeza skwea mpaka imguse shahidi, mimi nikishika taa kwa nyuma. Mwanga ukipenya juu au chini, skwea inadanganya. "Hii yako imelewa," alimwambia fundi mmoja. "Imeegemea kama wewe juzi sokoni." Wakacheka sana, na fundi akarudi kwenye tupa yake akinung'unika.

Na shahidi mwenyewe je? Tata alimzungusha kidogo kidogo mbele ya skwea ileile. Mwanga ukibadilika, mgonjwa ni shahidi. Hapo kazi yangu chafu ilianza: kukwangua masizi chini ya sufuria ya ugali wa wimbi, kuyachanganya na mafuta ya ng'ombe, kupaka bamba. Tata alimsugua shahidi juu yake. Palipochafuka ndipo palipovimba, akapakwangua, akasugua tena. Nilichukia! Mafuta yale yalinuka kama kitu kilichokufa, na masizi hayakutoka kwenye kucha. Siku ya Sabato niliketi kanisani nimekalia mikono, wasichana wa mwalimu wakiziba pua: "Huyu amekuja na jiko." Lakini mlango uliopimwa kwetu ulifungwa kwa kidole kimoja, na baridi ya Nyansiongo ikabaki nje.

Tata aliniachia shahidi. Mjukuu alipofungua kazi nikampa, nikamwonyesha taa na skwea. Aliitikia kwa kichwa, huku anatafuna muwa.

Sasa nimemkuta shahidi amekuwa fuawe. Kijana ananyooshea nondo juu ya kichwa chake. Makapi ya muwa yamemzunguka, kinyesi cha kuku kimemkaukia ubavuni.

"Hata nilimpitishia grenda ang'ae, magokoro," ananiambia mimi, magokoro wake, yaani bibi yake. "Alikuwa ananuka mafuta."

Ananuka! Nilitema mate nje.

Nilimfuta kwa leso yangu, nikamsimamisha juu ya bamba, nikamsogezea skwea ya kijana, nikawasha taa. Mwanga uliopenya ni mnene, ungepitisha sindano ya kushonea gunia. Nikamzungusha, ukahamia upande mwingine. Nyundo imevimbisha ukingo wake wa chini. Na pale ukutani imeegemezwa milango ya kanisa letu jipya, imepimwa kwa skwea iliyosahihishwa kwa huyuhuyu.

"Wanaichukua Jumapili, magokoro. Nani ataona?"

"Mbwa ameona."

Ile mashine ya tata wana wa kaka yangu waliiuza kama vyuma chakavu. Kinu hakipo. Wale mafundi wamezikwa wote, na sijui kama kuna mtu mwingine Nyansiongo anayekumbuka Ijumaa zile. Imebaki tupa, bamba, na mimi.

Nikamwambia kijana, na mama yake akisikia kutoka uani: "Zima hiyo grenda. Hakuna mlango unaotoka hapa, na ule wa mjane urudi, mpaka shahidi asimame. Jua bado liko juu. Nenda jikoni kwangu, pindua sufuria, ukwangue masizi."