Inchi Tisa za Mama Watoto

Ukutani mwa duka langu la ushonaji kulikuwa na kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HATUSHONI NGUO YA MTU AMBAYE HAYUPO. Kwa miaka thelathini na moja niliwafukuza wanaume waliokuja na kitambaa na kuniambia, "Mke wangu ana mwili kama wa yule dada pale." Niliwajibu, "Mlete mwenyewe nimpime." Nilijiona nina akili kweli kweli.

Nilipostaafu, nilimwahidi mama watoto kwamba tutaendelea kushinda pamoja kama dukani, mimi kwenye cherehani, yeye kwenye vifungo. Safari hii tungekaa ziwani, kwenye boti yetu. Nikaenda kwa muuza boti kando ya ziwa, peke yangu, kimya kimya, ili nimshangaze.

Zilikuwepo mbili. Moja ya kuvulia, tumbo lake limechongoka ili likate mawimbi, kuta zake ndefu. Nyingine bapa: sakafu juu ya mapipa mawili marefu ya alumini, makochi pande zote na kilango cha kuingilia.

"Mzee, ziwa letu halina mawimbi," muuzaji alisema. "Hii bapa ndiyo itakufaa."

"Hicho ni kitanda," nikamwambia. "Mimi nataka chombo cha mwanamume."

Mwanamume mwenyewe hajui kuogelea, wala hajawahi kuvua hata dagaa. Nikatoa tepu yangu shingoni, nikaipima ile ya kuvulia urefu, upana, kina, hata kiti cha nahodha nikakilinganisha na makalio yangu. Ilinikaa sawasawa, nikailipia.

Jumamosi asubuhi nilimleta mama watoto gatini akiwa amefumba macho. Alipofumbua, akatabasamu. Nikarukia ndani kwa mbwembwe, nikaanguka chali juu ya ndoo. Muuzaji akageuka, akajifanya anafunga kamba.

Nikampa mkono mke wangu. Akainua mguu wa kulia, ule wa goti lililopasuliwa mwaka jana. Haukufika hata nusu ya ukuta wa boti. Akajaribu tena, akauma meno, akaushusha. Goti hilo nililikanda kila jioni kwa miezi minne. Hakuna mtu anayelijua kuliko mimi.

"Nenda tu, baba," akasema. Akakaa kwenye benchi la gati na kufungua kopo lake la vifungo, alilolibeba ili awe na cha kufanya huko majini. "Mimi nitakuangalia kutoka hapa." Kisha, akitafuta sindano, akaongeza, "Ila ungenileta nikapimwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikatambaa kutoka botini, nikapiga magoti mbele yake na tepu mkononi. "Inua mguu. Usijiumize."

Inchi tisa. Ukuta wa boti yangu ya kiume ulikuwa inchi ishirini na saba.

"Nibadilishie hii, niletee ile nyingine," nikamwambia muuzaji.

"Ipi, mzee? Kile kitanda?"

"Hicho hicho."

Mama watoto aliingia kwa kilango kama anayeingia chumbani kwake, akachagua kochi lenye kivuli. Sasa tunatoka kila Jumamosi. Mimi sijavua hata samaki mmoja. Yeye ameshavua watano, na kila akimtoa mmoja majini hunigeukia na kusema, "Fundi, mwenyewe nimemleta. Mpime."