Mstari Shingoni mwa Farasi

Karakana ya baba pale Magogoni ilinukia gundi ya kuchemsha na vumbi la mvule, na hadi leo nikipita kwa seremala yeyote, harufu hiyo hunipandisha aibu usoni. Baba alikuwa fundi wa fremu. Nilipokuwa na miaka tisa, katika miaka ya themanini, mama mmoja wa Kizungu kutoka Bamburi alimletea picha sita za farasi azitilie fremu mpya. Zilikuwa picha kongwe, zilizochongwa kwenye bamba la shaba kisha zikapigwa chapa karatasini, mistari yake myembamba kama unywele. Kila moja ilifundisha jambo: jinsi ya kukaa juu ya tandiko, jinsi ya kushika hatamu, jinsi ya kumgeuza farasi bila kumwumiza mdomo.

Baba hakuwahi kumgusa farasi. Aliyemzoea ni punda wa kubeba maji. Lakini picha zile zilimteka. Kila kazi ikipungua alipanda benchi lake la kurandia mbao, akanyoosha mgongo, akashika kamba mbili vidoleni, akaniita nitazame. "Farasi hakokotwi, mwanangu," aliniambia. "Huombwa, naye akenda." Nilifurahi naye mpaka siku wenzangu wa chuo cha Kurani walipochungulia dirishani. "Babako yuwapanda benchi?" aliuliza mmoja, wakacheka njia nzima. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Tangu siku hiyo wakaniita binti wa benchi.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha za viumbe, na kwamba picha ikipigwa mstari wa shingo huwa si kiumbe tena. Baba alipokwenda kusali alasiri, nilichukua kalamu ya wino nikawapiga mstari wote, farasi na wapandaji wao, mmoja mmoja bila haraka. Malaika hawakuwamo mawazoni mwangu hata kidogo. Nilitaka baba ashuke kwenye lile benchi, basi. Aliporudi aliziinamia picha moja moja, nami nikatoa neno nililoliandaa: "Nimewafungulia malaika njia, baba." Nilitarajia kofi. Akaniwekea mkono kichwani. "Wallahi umenizidi dini," akasema. "Mimi nalisahau." Mwenye picha alipokuja, baba alimwambia mistari ile kaipiga yeye mwenyewe. Yule mama alizitazama, machozi yakamlengalenga, akaziacha pale pale. Hakuleta kazi tena, wala baba hakupanda benchi tena.

Karakana sasa ni duka la simu. Wanangu wamepanda farasi wa watalii ufukweni, wakapigwa picha, wakashuka, wala hakuna aliyewacheka. Baba amezeeka, na sebuleni kwake imebaki picha moja ya zile sita. Akija mgeni huushika mstari ule kwa kidole na kumweleza kuwa binti yake alikuwa na dini tangu utotoni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami kilio ninachokiogopa ni chake. Juzi alinisifu tena, mbele ya wakwe. Nikainamisha kichwa, naye akaniongezea sifa ya unyenyekevu.