Bibi wa Picha za Seven Hills

Bibi Mzungu anayetunza picha za zamani za Seven Hills, mtaa wetu huku ugenini, hubana pini midomoni na bado anaongea. Akipata picha mpya hupiga meza, hulamba dole gumba, huifuta vumbi. "Huyu nani? Alifanya nini hapa?" Wachuma machungwa, wapiga tarumbeta, mwoka mikate, wote kawabandika ukutani mwa ukumbi. Nami nikataka mke wangu awemo. Kwaya yetu ya Warundi aliianzisha humo humo. Bibi akauliza jina. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, Kiswahili kikipenya, "Marehemu Dévote. Anaimba."

Jumapili ukumbi ulifurika. Chini ya picha nikakuta: Marehemu Dévote, anaimba. Kadhani Marehemu ni jina la kwanza!

"Baba, umembatiza mama upya!" Binti yangu Nella alicheka hadi machozi, akamweleza bibi kwamba hivyo ndivyo tunavyomtaja aliyefariki.

Bibi akatema pini zote. "Amekufa? Baba yako aliniambia anaimba!"

Kweli, nilisema hivyo. Bibi akalamba dole gumba, akalifuta lile neno Marehemu, wino ukamchafua mkono. Kisha akasoma kilichobaki kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka: "Dévote, anaimba."