Msikilize Asiyeimba

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, anayetuamsha alfajiri bila kutuuliza jana tulikuwa wema au wabaya. Kwa rehema zake niliamka pamoja na wanafunzi muda wote wa kazi yangu, na leo naamka peke yangu. Alhamdulillahi kwa yote mawili.

Siku yangu ya kwanza ya ualimu niliripoti shule ya sekondari huko Chamazi, kukiwa bado hakujapambazuka vizuri. Nilikabidhiwa michezo na afya ya wanafunzi. Kazi ilianza na mchakamchaka, yaani zile mbio za asubuhi kabla ya paredi, shule nzima ikikimbia kwa safu, mmoja akiimbisha na wengine wakiitikia. Nikashika filimbi na kukaza macho kwenye miguu: nani amepoteza hatua, nani amekuja na kandambili.

Mkuu wa Shule, mama wa Tukuyu aliyekimbia nasi kwa raba na kitenge, akanisogelea.

"Mwalimu, unatafuta nini huko chini?"

"Naangalia wanaobaki nyuma, Madam."

"Miguu itafika tu. Wewe sikiliza nani haimbi. Mtoto akikimbia kimya, ana jambo. Ukishamjua usimwite mbele za watu. Mfuate."

Nilijiuliza nitamsikiaje aliyenyamaza katikati ya kelele zile. Lakini masikio nayo hufundishika.

Mwimbishaji wetu alikuwa Tumaini, binti wa Kidato cha Nne, nahodha wa netiboli. Akiita "Nani kachelewa?" shule inajibu "Si sisi!" mpaka mbwa wa majirani wanaamka. Wazembe hakuwaacha salama: "Nyie Kidato cha Pili, mnakimbia au mnasindikiza bibi harusi?"

Asubuhi moja aliyeimbisha alikuwa mwingine. Tumaini alikuwa nyuma kabisa, mdomo umefungwa.

"Kajisikia huyo, tangu walete kombe," akasema mwalimu wa nidhamu.

Mimi nilimfuata bombani, alipokuwa akiosha miguu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wimbo umekwenda wapi leo?"

Akaendelea kuosha mguu uliokwisha takata. "Mwalimu, mie Jumamosi naondoka. Baba anatupeleka Mbeya, mie na wadogo zangu."

Mama yao alikuwa amekwenda huko kumuuguza bibi yao, na baba ni dereva wa lori. Tumaini alikwisha sajiliwa kwetu kwa mtihani wa mwisho. Kuondoka kulikuwa ni kuukosa.

Mchana ule Madam nami tukaenda kwao. Baba mtu alitupokea kwa heshima, akatupa viti, yeye akabaki amesimama.

"Madam, thamani ya mtihani naijua. Mie mwenyewe sikuupata. Lakini hawa wadogo niwaache na nani? Nikiwa Tunduma, nani atawapa chakula?"

Nilitegemea Madam ataje kanuni. Hakutaja. Aliwatazama watoto wawili waliokuwa wakichezea vizibo vya soda mlangoni.

"Mchana waje shuleni na dada yao, wakae jikoni kwa mama mpishi. Uji wetu hautawashinda hawa. Na ukiwa safarini, usiku watalala kwangu wote. Nyumba yangu imepoa mno, inahitaji fujo."

Yule baba akavua kofia, akaketi.

Jumatatu wale wadogo walikimbia mwisho wa safu, mmoja kaptula ikimvuka, wakiitikia kuliko Kidato cha Nne wote. Tumaini alifanya mtihani, akafaulu. Leo ni muuguzi Dodoma.

Baadaye nilihamishiwa Ubungo, kisha Bunju, nilikostaafia. Mkuu wangu wa mwisho alifuta mchakamchaka kwa sababu magari yalikuwa mengi barabarani, na alikuwa na haki. Siku hizi wanafunzi hushushwa na mabasi ya shule, na kuna chumba cha ushauri nasaha chenye mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Nashukuru kwa hayo. Hata hivyo, kila nikimaliza swala ya alfajiri nakaa barazani, masikio yanatafuta sauti ambazo hazipiti tena.

Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki nimekuwa mtu wa kimya. Nilikuwa na desturi ya kumpigia Tumaini kila Ijumaa; nikaiacha bila kutambua. Juzi simu ikalia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwangu kwema. Ila Ijumaa zinapita sikusikii. Nikasema, mzee wangu huyu anakimbia kimya."

Nilitaka kumwambia mimi mzima. Nikaona ningekuwa namdanganya. Hakunihoji. Nyuma yake nilisikia vitoroli vya wodini na watu wakiitana. Kisha, huko huko kazini, akapaza sauti ile ile:

"Nani kachelewa?"

Nikajikuta nimesimama.

"Si sisi!"

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe masikio ya kumtambua mwenzio aliyenyamaza. Na siku sauti yako itakapokatika, asikukoseshe wa kukuimbisha. Amina.