Lori Jipya la Koinet Linavyomkosesha Usingizi Verediana

Saa moja asubuhi, kabla barabara ya Karatu haijaanza kuteremkia Mto wa Mbu, Verediana Tarimo anasimamisha lori. Anashuka, anapitisha kiganja kwenye gurudumu moja baada ya jingine kusikia kama kuna joto, kisha anarudi kwenye usukani na kuingiza gia ya pili.

"Gia unaichagua huku juu," anasema. "Ukishaanza kushuka na tani kumi za vitunguu mgongoni, umechelewa."

Nyuma yetu honi inalia. Lori jipya jeupe linatupita, dereva akipunga mkono. Verediana hapungi.

"Lione! Lile lilikuwa liwe langu."

Mama huyu wa miaka 46, mzaliwa wa Rombo, ambaye madereva wenzake humwita Mama Benson, ameshuka mlima huu miaka kumi na minne bila ajali. Lakini tajiri wake, Mama Antonia, alipoleta gari jipya, funguo alimpa Koinet, kijana wa Malambo, eti kwa kuwa anawahi sokoni. Msimu wa vitunguu ukiisha, ndipo ataamua nani abaki nalo.

"Wivu ninao, sifichi. Lile injini yenyewe inasaidia kulizuia, unabonyeza swichi tu. Mimi nina mguu wangu na rozari. Nikiliona limeoshwa, hata chai hainishuki."

Tunateremka polepole, injini ikinguruma. Breki anaikanyaga kidogo, anaachia.

Katikati ya mlima tunalikuta lori jeupe limeegeshwa pembeni, mawe chini ya matairi, moshi ukitoka magurudumuni. Koinet ameshuka na gia kubwa ya mwendo kasi, mguu kwenye breki muda wote, na swichi hakuikumbuka. Sasa ameinua dumu la maji.

Verediana anatoa kichwa dirishani.

"Wee Koinet! Weka chini hayo maji! Unataka kupasua ngoma za breki? Liache lipoe lenyewe. Na ukiondoka, gia ya pili!"

"Sawa, Mama Benson. Asante, umeniokoa!"

Verediana anasonya. "Nani kamwokoa yeye? Nimeokoa gari langu."

Anasema kila Jumapili kanisani humwombea Koinet safari njema, na kwa moyo wote.

"Msimu ukiisha nataka nikabidhiwe lori zima," anasema, macho kwenye kioo cha pembeni, akilitazama mpaka kona inalificha. "Sitaki la kwenda kwa fundi."